Ganzi ya Miguu Si ya Sukari Siku Zote

Shikamooni wazee wangu. Wenzangu, hamjambo.

Nianze na mama mmoja aliyeingia kliniki, kandambili yake moja imebaki mlangoni. Ilimvuka, akaendelea kutembea, hana habari. Alikuwa mwaka wa nane anatumia metformini, kile kidonge cha sukari. Ukimvuta kope la chini, ndani peupe. Damu ilikuwa 8. Nyumbani walishamnywesha rozela, wakampikia mchicha, wakampa vidonge vya kuongeza damu miezi mitatu, wapi! Na ile ganzi, kila mtu alisema ni sukari. Hata mimi nilisema hivyo.

Tukapima picha nzima ya damu. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Aliyepungukiwa madini ya chuma, chembe zake nyekundu huwa ndogo. Za mama huyu zilikuwa kubwa kupita kawaida. Kwenye karatasi ya majibu, ule mstari wa MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, ulivuka 100. Sababu moja ya hali hiyo ni mwili kukosa vitamini B12. Na metformini, ikitumika miaka mingi, hufanya utumbo ushindwe kuifyonza vizuri. Ini huwa na akiba ya miaka kadhaa, ndiyo maana upungufu huja kwa kunyemelea, wakati mgonjwa keshasahau kabisa kwamba kidonge kile nacho kina maudhi yake.

Rozela na mchicha havina B12. Iko kwenye nyama, maini, dagaa, mayai, maziwa. Tena asidi ya foliki, iliyomo kwenye vidonge vingi vya kuongeza damu, inaweza kupandisha damu huku mishipa ya fahamu, ambayo ikikosa B12 huleta ganzi, inazidi kuharibika. Hilo ndilo linalonitisha.

Mama alichomwa sindano za B12. Damu ikapanda. Ganzi imepungua, haijaisha, kwa sababu tulichelewa.

Nawasihi, msiache metformini! Ni dawa nzuri. Ufaransa walianza kuitumia kwa sukari mwaka 1957. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza iliwataka madaktari wapime B12 kwa mtumiaji wa metformini mwenye dalili hizi. Kwetu kipimo hicho hakipatikani kila zahanati, lakini picha nzima ya damu ipo hospitali nyingi. Tafuteni MCV, mwonyesheni daktari, mtajieni na miaka mliyotumia dawa. Hata MCV ikiwa ya kawaida na ganzi ipo, ulizeni B12.

Mzee pale nyuma, nimeuona mkono wako. Karibu.