Nani Kakwambia? Kumsaka Msimulizi wa Desertion

Ndugu zangu, kwetu mtu akileta habari za nyumba ya jirani, tunamsikiliza, kisha tunamuuliza: nani kakwambia? Leo nawaomba muingie na swali hilo ndani ya Desertion, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka mwaka 2005.

Ni alfajiri, mwaka 1899, katika mji mdogo wa pwani upande wa Mombasa. Hassanali, mwenye duka, anakwenda msikitini gizani. Anaona kivuli, roho inamruka, anadhani ni jini. Kumbe ni Mzungu, Martin Pearce, yu hoi, na anaanguka pale pale. Tunaisikia hofu ya Hassanali kama tumo kifuani mwake. Baadaye tunaingizwa moyoni mwa dada yake, Rehana. Basi msomaji anaandika pembeni: nafsi ya tatu, msimulizi maizi, yaani ajuaye yote. Anafunga mjadala.

Mimi naomba tusiufunge. Rudini kwenye mistari ya kwanza kabisa. Inasema kulikuwa na hadithi ya jinsi mgeni yule alivyoonekana mara ya kwanza, tena si moja, ila zimechanganyika kwa kusimuliwa. Ajuaye yote ana haja gani ya kusema hivyo? Hiyo ni kauli ya mtu aliyesikia kwa watu.

Halafu tunafika pale tunapongoja kuona Rehana na Pearce walivyopendana, na sauti inakwama. Inakiri kwamba haijui ilikuwaje, inajua tu kwamba ilikuwa. Hapo ndipo inapojitaja: kama muonavyo, yumo "mimi" katika hadithi hii, ila si hadithi yangu.

Huyo ni Rashid, kijana wa Zanzibar ambaye mwaka 1899 hata hajazaliwa. Kaka yake, Amin, alimpenda Jamila, mjukuu wa Rehana na Pearce. Wazazi wakamkataza, naye akatii. Sasa muulizeni Rashid: ile hofu ya Hassanali gizani, nani kakwambia? Hakuna. Ameitunga mwenyewe, akiwa Uingereza, kwa vijineno vya mjini, kwa sababu anataka kujua huzuni ya kaka yake ilianzia wapi. Someni tena ukurasa ule mkilijua hilo, muone unavyouma.

Najua kuna atakayesema, basi ni Gurnah mwenyewe. Hapana, na hapa nasimama imara. Gurnah aliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi ya 1964. Rashid aliondoka kabla, kwenda kusoma, na Mapinduzi yakamkuta ugenini. Mtunzi aliyaona; msimulizi wake aliyasikia kwa mbali. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya Rashid awe mtu wa kukisia, hata kuhusu nduguye wa tumbo moja.

Ndiyo maana naipenda sana sura ile ya mbele ambamo Amin anashika kalamu mwenyewe, anaandika habari zake kwa "mimi" yake, na Rashid, aliyetusemea watu wote hao, ananyamaza.