Kadi Inayosomwa kwa Kidole: Kazi ya Kadi za Mkono kwa Vitu vya Jikoni

Haya, shikamooni wakubwa wangu, na nyie wengine mambo vipi. Nimefurahi mmejaa hivi, ingawa najua nusu yenu mmekuja kwa sababu mmesikia kuna sambusa. (Kicheko.) Sambusa zipo, ila kwanza tushike karatasi, maana ukishashika sambusa karatasi huigusi tena, mafuta.

Naanza na msimamo wangu kabisa: kadi ya mkono usiianze na picha. Watu wengi wakikaa chini wanaanza kuwaza ntachora nini, ua, moyo, keki, puto, wakiona mkono hautii wanakata tamaa wanaenda kununua ya dukani. Mi nasema anza na mguso. Mtu anaitoa kadi kwenye bahasha kwa vidole, gumba linapita juu ya kava kabla hajasoma hata jina lake, na hapo hapo ama kidole kinakuta kitu ama kinateleza tu. Na siku hizi, tuseme ukweli, kadi ya mchango inakuja kwa WhatsApp, ya sendofu WhatsApp, kicheni pati WhatsApp, na wala sizitukani, zinaokoa nauli na zinamfikia mtu hata akiwa Mwanza ndani ya sekunde. Lakini huwezi kupapasa kioo cha simu ukasikia lesi. Basi hiyo ndo sehemu yetu tuliyobakiziwa, tuishike vizuri.

Na msidhani haya mambo ya kurahisisha yameletwa na simu. Ile kadi ya Krismasi ya kwanza kuuzwa ilitoka London mwaka 1843, jamaa mmoja anaitwa Henry Cole, mtumishi wa serikali, barua zilimrundikia mezani na kila mtu anasubiri ajibiwe, akamwita mchoraji John Callcott Horsley amchoree kadi moja, ikachapwa nakala kama 1,000 hivi na zilizobaki zikauzwa shilingi moja moja, na shilingi ya Uingereza ya wakati ule haikuwa hela ya kuchezea. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza kadi ya kuchapwa ilikuwa njia ya mtu mwenye kazi nyingi kuupumzisha mkono wake, sisi leo tunaurudisha mkono kazini.

Karatasi sasa. Ile ya fotokopi gramu 80 iacheni, ukiilowesha kidogo tu imekuwa nepi. Nendeni stesheneri ombeni gramu 160 mpaka 200, au manila, na kama mna boksi safi la biskuti upande wake wa ndani ule wa kijivu unapokea chapa vizuri mno. A4 ukiikata katikati unapata A5 mbili, kila moja ukiikunja inakuwa A6, yaani mm 105 kwa 148, na bahasha yake inaitwa C6, ipo kila mahali. Kabla hujakunja, ishike karatasi kwa mikono miwili uipinde kidogo bila kuivunja, kwanza kwa urefu alafu kwa upana. Upande mmoja utaona inakubali kirahisi, mwingine inabisha. Pale inapokubali ndo nyuzi zake zimelala, kunja kufuata huko, ukikunja kinyume mkunjo unachanikachanika kama magamba na kadi inaonekana ya zamani kabla haijatumwa. Mstari wa kukunjia upigeni kwanza kwa rula na bolpeni iliyoisha wino, msizitupe zile, ni vifaa.

Njia nyepesi kuliko zote ni kusugua. Unaweka kitu chini, karatasi juu, unapitisha krayoni kwa ubavu wake na sio kwa ncha, tumefanya wote utotoni na sarafu, wale simba wa shilingi 200 wanatoka vizuri sana. Kwa kusugua tumieni karatasi nyembamba kidogo alafu mnaibandika juu ya kadi. Msidhani ni mchezo wa watoto, mchoraji Max Ernst mwaka 1925 yuko hotelini pale Pornic, pwani ya Ufaransa, akaiangalia sakafu ya mbao ilivyochakaa, akaweka karatasi chini akasugua, na akatengenezea jina kubwa humo. Sisi tuna sakafu ya simenti, sawa, lakini tuna mkeka, tuna ungo, tuna kawa, tuna greta ya karoti, tuna soli ya kandambili. Ungo ndo bingwa, ile misuko yake inatoka kama umekaa nayo wiki unachora. Alafu ukitumia krayoni nyeupe au mshumaa, juu yake ukapitisha chai ya rangi iliyokolea, pale penye nta maji yanakataa na pale pasipo na nta panakunywa, unapata ungo mweupe kwenye kahawia. Manjano nayo inatoa rangi nzuri ila muwe wakweli kwa wateja, manjano ikikaa juani inafifia, kadi ya kuwekwa dirishani msitumie.

Chapa sitakaa nayo sana, wengi mnaijua ya viazi. Mi kiazi sikipendi, kinakulazimisha uchonge, na ukichonga umerudi kwenye kuchora. Nataka kitu ambacho Mungu kashakichonga. Bamia iliyokomaa ukiikata kati unapata ua la petali tano, iache wazi ikauke ute kwanza. Alafu kuna hii hapa, pitisheni nyuma muione, hiki ni kikonyo cha jani la mgomba, kile kijiti kinene kinachoshika jani. Ukikikata mkato mmoja kwa kisu kikali kinakupa umbo la mwezi mchanga, na ndani ya mwezi kuna vyumba vidogo vidogo vimepangana kama sega la nyuki, kila ukuta mwembamba kama uzi. Kinatoa maji mengi, kipanguseni na tishu mpaka kiache kulia. Rangi msiimimine kwenye sahani mkachovya, inaziba vyumba vyote mtapata doa tu. Ipakeni kwenye kipande cha sponji, mgonge sponji, mgonge karatasi ya majaribio, alafu ya tatu ndo kadi. Kwa kadi ya Idi hamuhitaji kitu kingine, mwezi mmoja kona ya juu, pembeni pameachwa peupe, basi.

Kukandamiza ndo napenda mimi kwa kadi za harusi na za pole, maana haina rangi kabisa, ni nyeupe juu ya nyeupe. Chukua kile kitambaa cha kroshia cha kwenye kochi (msijifanye hamnavyo, kila nyumba ipo hiyo) au kipande cha lesi cha fundi cherehani, kitandike mezani. Karatasi yako ya gramu 200 ipitishie sponji yenye unyevu upande mmoja, isilowe, ipoe tu, subiri kidogo nyuzi zilainike, ilaze juu ya lesi, juu yake weka kitambaa safi cha pamba, alafu sukuma na fimbo ya chapati kwa uzito wa mwili. Mkiona panatoka hafifu rudieni pale pale kwa mgongo wa kijiko bila kuhamisha karatasi. Ukiinyanyua ukaishika karibu na dirisha kila tundu la lesi limeacha kilima chake. Kwa mtu aliyefiwa sioni kadi nyingine inayofaa zaidi ya hiyo, maua mekundu yenye glita kwenye kadi ya pole yananiudhi sijui niwaambieje.

Haya sasa tunafika penye utamu wenyewe, uji, sio wa kunywa, wa kupaka kwenye karatasi. Unga wa ngano vijiko vinne vya chakula, maji kikombe kimoja na nusu. Unga ukoroge kwanza na maji kidogo ya baridi mpaka mabonge yaishe, ongeza yaliyobaki, bandika moto mdogo, koroga usiondoke, ukianza kung'aa na mwiko ukiacha njia nyuma yake epua. Unga wa muhogo pia safi, unateleza zaidi, ila sembe hapana, ina chenga. Upoe, uchuje na chujio la chai, gawa kwenye vikopo, kila kikopo rangi yake ya maji. Karatasi uilaze mezani juu ya nailoni, pitisha sponji ya maji pande zote mbili, paka uji wa rangi kwa brashi pana mpaka ufunike, sasa chukua kitana. Kivute toka juu mpaka chini mkono ukitikisika, unapata mawimbi. Uma ukivutwa unaacha mistari minne, ukizungushwa unaacha ganda la konokono. Ukigonga kwa kifuniko cha soda kichwa chini unapata meno yake. Hujapenda? Paka tena juu uji ule ule, ufute, anza upya, uji hauna kinyongo mpaka utakapokauka. Na rangi inakusanyika pembeni mwa kila mstari kwenye kiukuta kidogo, ukikauka kidole kinavihesabu.

Kazi hii ina ukoo. Karne ya 18 kule Herrnhut, Ujerumani, akina dada wa jumuiya ya Wamoraviani walikuwa wanatengeneza karatasi za uji wa rangi hivi hivi na kuwauzia wajalidi vitabu, na hao ndo Wamoraviani wale wale ambao wamisionari wao walifika Rungwe mwaka 1891, Wanyakyusa mliomo humu mnajua. Na huko Nigeria, Wayoruba wanapaka uji wa muhogo kwenye kitambaa, wengine wanauchana kwa kitana kabla haujakauka, ndo wanatumbukiza kwenye bluu ya nili, pale penye uji pamebaki peupe. Watu wako mbali mbali, hawajawahi kuonana, wameishia na unga na kitana.

Shida ya kwanza ya uji ni wadudu na ukungu, mende anakula wanga kuliko sisi. Matone mawili matatu ya mafuta ya karafuu kwenye sufuria ukishaepua, yanazuia uji usichache haraka na kadi inanukia Unguja, mteja anadhani ni ufundi wa ziada kumbe unapambana na ukungu. Shida ya pili ni kupinda. Kwa joto na unyevu wetu wa pwani upande mmoja ukiwa na uji mwingine mkavu, ule wenye uji ukikauka unasinyaa unaivuta karatasi ijikunje. Ikiwa bado na unyevu mdogo, ya kushika sio ya kunata, ibandike kwenye karatasi ya pili kwa uji mweupe mwembamba, weka kati ya magazeti, juu weka mbao na ndoo ya maji, lala, asubuhi utaikuta imenyooka. Msiikaushe juani bana, nawaona mnavyoangalia dirisha.

Na jamani, kadi moja teksicha moja, mbili kama umelazimika. Nikiona kadi ina uji, ina lesi, ina katani, ina shanga, ina kipande cha kitenge na maharage yamebandikwa na gundi ya mbao, najua mwenye kadi alikuwa na furaha ila mpokeaji hajui ashike wapi. Maharage hata posta hayafiki salama. Wenye wateja au ndugu Uingereza mjue kule barua ya kawaida mwisho wake ni unene wa mm 5, ikizidi inahesabiwa kubwa na stempu inapanda, kwa hiyo vitu vya kuvimba viachieni kadi ya kupeleka kwa mkono.

Swali? Ndiyo dada mwenye mtandio wa kijani. Anauliza auzeje na bei ya kiwandani iko chini. Usishindane nayo, utaumia. Ya kiwandani usiitengenezee pacha, chukua oda za watu wanaotaka kumi au ishirini, sio mia tatu, kamati ya harusi ichapishe zake za mchango lakini zile za wazazi wa pande mbili, za wasimamizi na za mshenga zitengenezwe na wewe, kwa lesi ile ile ya gauni la bibi harusi, mwombe fundi vipande vilivyobaki. Bei ipigie kwa saa zako, karatasi ni hela ndogo mno, kinachoisha ni mchana wako.

Mama huku mbele? Mjukuu wa miaka minne, anaweza? Anaweza kusugua na anaweza kitana, visu na jiko hapana. Mfunge kanga kifuani maana uji wa rangi unafuliwa lakini hautoki wote. Haya, meza ya kushoto ni uji, ya kulia ni lesi na fimbo za chapati, chagueni, na aliyeondoka na kikonyo changu cha mgomba akirudishe.