Bodi Inafia Stoo: Namna ya Kulaza na Kubeba Jipsam

[Muziki unashuka]

DADA: Haya karibuni tena jamani, mko na sisi wawili kama kawaida, mimi dada yenu wa stoo na kaka yangu hapa ambae ni fundi jipsam, na leo mada nimeiomba mimi maana imenikaa moyoni muda mrefu sana. Jipsam bodi, zile za silingi na patisheni. Tunavyozitunza na tunavyozibeba.

KAKA: Asante kwa kuileta dada yangu, kwa sababu silingi ikitoka na mawimbi mwenye nyumba anamwangalia fundi, hakuna anaeuliza ile bodi ililala wapi wiki 3 kabla haijafika saiti.

DADA: Ndo hapo. Ngoja nisimulie. Nilianzia kazi kwenye duka moja la vifaa vya ujenzi hapa Dar, jina niliache, bodi zote walikuwa wanaziegesha ukutani, zimesimama kwa ule upande mrefu, moja inaegemea nyingine mpaka zinafika 20. Ikawa Aprili, masika imekolea, usiku maji yakapenya chini ya mlango, wala siyo mengi, kina cha kidole tu. Asubuhi nagusa ukingo wa chini karatasi inavuka na mkono wangu kama ganda la ndizi mbivu, ndani unga umeshakuwa uji. Na ukiangalia juu bodi nyeupe pee, kavu kabisa. Chini kiasi cha kiganja imekufa.

KAKA: Na haiishii pale ilipogusa, inanyonya kupanda juu.

DADA: Inanyonya kama andazi kwenye chai. Bodi zote 20 zikawa za kukata vipande.

KAKA: Sasa hapo kuna kitu watu wanachanganya, na mimi vijana wangu huwa wananiuliza. Jipsam ni jiwe, linachimbwa hata hapa kwetu, Makanya kule Same lipo, Itigi lipo, na lile jiwe lenyewe lina maji yamefungwa ndani yake, kama asilimia 21 ya uzito. Moto ukija yale maji yanaanza kutoka kama mvuke ndo yanachelewesha moto kupita. Kwahiyo mtu anasema kama lina maji ndani basi mvua haina shida. Hapana. Yale ya ndani ni sehemu ya jiwe lenyewe, haya ya mvua yanailegeza bodi na yanaivua karatasi. Na karatasi ndo nguvu ya bodi, ondoa karatasi pande zote mbili hiyo bodi utaivunja kwa mikono kama biskuti.

DADA: Na zile za kijani je? Maana wateja wakiziona wanasema hizi za maji, ziache tu nje.

KAKA: Zile zinavumilia unyevu, bafuni, jikoni, baada ya kufungwa na kumaliziwa vizuri. Mvua ya Mbagala zikiwa juu ya lori la Kenta hazivumilii.

DADA: Sawa. Turudi kwenye kuegesha, maana maji ni nusu tu ya tatizo. Bodi ya futi 4 kwa 8, ile ya milimita 12, inacheza kwenye kilo 25 hivi. Ukiegesha 20 umeweka nusu tani kwenye ukuta, na haijashikwa na kitu chochote.

KAKA: Hapo dada naomba niseme kwa uchungu kidogo. Nilikuwa saiti moja, kijana kaambiwa atoe bodi ya ndani kabisa, ile inayogusa ukuta, kwahiyo akawa anazivuta za mbele kuja kwake, anazishikilia kwa kifua huku mkono unatafuta ya nyuma. Zikisimama wima kabisa bado unaona nyepesi, unaweza kuzishika kwa vidole viwili, halafu zikipita wima hata kwa inchi chache uzito wote unahamia kwako na hakuna mtu duniani wa kuuzuia. Zilimlalia miguuni. Alivunjika mguu chini ya goti, mtoto wa miaka 20. Tangu siku hiyo mimi nikikuta bodi zimeegeshwa siongei na mtu kwanza, naanza kuzilaza.

DADA: Pole yake jamani. Na wanaoziegesha wanakwambia nafasi haitoshi.

KAKA: Wakati zikilala zinakula nafasi ndogo, kwa sababu unapanda nazo juu.

DADA: Kabisa. Sasa iko hivi, kaka, na hapa wenye stoo wanisikilize vizuri. Unachukua mbao 2 za papi zile za futi 12, kila moja ukate vipande 3 vya futi 4. Una vipande 6. Kimoja weka pembeni, vitano vinatosha bunda la futi 8. Cha kwanza karibu na mwisho wa bodi huku, cha mwisho karibu na mwisho kule, vitatu katikati, kutoka kimoja mpaka kingine kama sentimita 60. Na viwe vimefika upana mzima wa bodi, usiniwekee vipande vifupi vya kubahatisha.

KAKA: Watu wanaweka vitatu.

DADA: Wanaweka vitatu, wengine viwili, halafu wanashangaa! Bodi inalala, wiki ya kwanza huoni kitu, wiki ya tatu imetitia katikati ya papi na papi, na kwa unyevu wa Dar inatitia haraka zaidi. Ukitaka kujua, chuchumaa kwenye kichwa cha bunda, funga jicho moja, angalia ukingo kwa urefu. Utaona unaenda kama mgongo wa nyoka. Hayo ndo mawimbi fundi anayokuja kulaumiwa.

KAKA: Na ukipandisha bunda la pili juu?

DADA: Hapo ndo wengi wanaharibu. Papi za juu zikae sawasawa juu ya papi za chini, mstari mmoja mpaka sakafuni. Ukisogeza hata kidogo, uzito wa bunda zima la juu unakandamiza mahali ambapo chini pako wazi. Mimi nimepiga chaki ukutani alama 5, kila anaepanga anaangalia chaki, haina kubishana. Na bodi ndefu haikai juu ya fupi, ncha zitaning'inia. Ndefu chini.

KAKA: Na papi zenyewe ziwe unene mmoja.

DADA: Unene mmoja. Na usibandike bunda ukutani, acha nafasi hewa ipite. Kitu kingine nailoni ya kiwandani, watu wanaiacha wakidhani inalinda. Ikishafika ndani chini ya bati, mchana joto usiku ubaridi, ile nailoni inatoa jasho kwa ndani, maji yanarudi kwenye bodi. Nailoni na turubai ni vya njiani. Ndani vua.

KAKA: Foklifti, ile mashine ya kunyanyua mizigo kwa meno mawili ya chuma, mnazo pale?

DADA: Tunayo moja, na dereva wake nilimpigia kelele mwezi mzima mpaka tukaelewana. Meno yafunguliwe mpaka mwisho wa upana wake, maana bodi ya mita 2.44 ukiibeba na meno yaliyobanana katikati, ncha zote mbili zinashuka na bunda linapasuka mgongo. Halafu urefu wa meno, meno mengi ni ya sentimita 107 na bodi ina upana wa 122, unabaki na sentimita 15 zinaelea hewani na zile za chini kabisa ndo zinavunjika ukingo. Tafuta meno ya 120, au weka paleti imara ya upana mzima. Na njia iwe pana, anabeba mzigo wa mita 2 na nusu kwa ubavu, asipopata pa kugeukia atakwangua kona za mabunda yote.

KAKA: Mimi niseme ya mikono basi, maana stoo nyingi hazina foklifti, zina vijana. Watu 2, bodi isimame kwa upande wake mrefu, wote upande mmoja wa bodi, kila mmoja ashike robo kutoka mwisho wake. Msiibebe imelala kama sinia la pilau, inakatika katikati kwa uzito wake yenyewe. Ukiitoa kwenye bunda inua kwanza, usiiburute, kamchanga kadogo tu kanachora ule uso mpaka kwenye rangi utakaona. Na kuishusha, ukingo wote uguse pamoja. Ukitanguliza kona umeiua, kona ikisagika hiyo jointi utaijaza puti mara 3 na bado inaonekana.

DADA: Na kwenye gari, kamba.

KAKA: Kamba isiguse bodi, weka kibao au boksi lililokunjwa kwenye ukingo ndo ukaze.

DADA: Tuna swali moja la msikilizaji, anasema bodi zake zimeshapinda, atupe?

KAKA: Asitupe haraka. Abonyeze kwa dole gumba katikati na pembeni. Kama ni ngumu na karatasi imeshika, imepinda tu, azilaze kwenye papi 5, mgongo juu, juu yake apange nzima zenye uzito, azipe siku kadhaa. Nyingi zinarudi. Kama dole linazama au karatasi inacheza, au kuna madoa meusi ya ukungu, hiyo isiende kwenye silingi ya mtu.

DADA: Na kabla hajazilaza apige spirit leveli, kile kipimo cha usawa, kwenye papi, hata kama sakafu anaiona imenyooka.

KAKA: Hasa kama sakafu anaiona imenyooka.

[Muziki]