Saini moja, miaka 43

Haya, wa nyuma mnanisikia? Maiki hii inakatakata, ikikata nipungieni mkono nitapaza sauti tu, nimezoea. Wazee wangu shikamooni, wengine hamjambo, karibuni sana. Nimeambiwa niongee kidogo afu maswali, lakini namwona mzee pale mbele kashika daftari na kalamu kabisa, kwa hiyo nadhani maswali yataanza mapema.

Tuanze na Oktoba 1951. Jiwekeni hapo kwanza. Tanganyika ina gavana wa Kiingereza, TANU haijazaliwa bado, Mwalimu yuko Edinburgh anasoma. Mwezi huo huko Korea vita viko mwaka wa pili, anakamatwa askari wa jeshi la Kaskazini, kijana wa miaka 26, jina lake Kim Sun-myung. Anatiwa ndani upande wa Kusini. Sasa hesabuni na mimi. Uhuru wetu 1961, yumo. Mandela anakamatwa 1962, huyu ana miaka karibu 11 ndani tayari. Muungano, Azimio la Arusha, vita vya Kagera, Mwalimu anang'atuka 1985, yumo tu. Korea Kusini wanaandaa Olimpiki 1988, dunia nzima inakuja Seoul kukimbia na kuogelea, yumo. Mandela anatoka 1990, anakuwa rais 1994, na huyu bwana bado yumo! Katoka tarehe 15 Agosti 1995, Mzee Mwinyi yuko kwenye miezi yake ya mwisho pale Ikulu. Miaka 43 na miezi 10. Kaingia kijana wa miaka 26, katoka babu wa miaka 70.

Mimi niliposoma mara ya kwanza nikajua wamekosea kuchapa. Nikarudia. Hawajakosea.

Sasa swali la kawaida kabisa ambalo mtu yeyote atauliza, kafanya nini? Ni askari aliyekamatwa vitani. Mkataba wa Geneva wa 1949, kifungu cha 118, unasema mapigano yakiisha mateka waachiwe warudishwe kwao bila kucheleweshwa. Na mapigano yaliisha, walisaini kusitisha vita pale Panmunjom, kijiji cha mpakani, tarehe 27 Julai 1953, wakabadilishana mateka kweli, zaidi ya 75,000 wakaenda Kaskazini na Uchina, na karibu 13,000 wakarudi upande wa pili. Malori na malori. Kim hakupanda lori lolote.

Kwa sababu walishambadilishia jina. Hapa nisikilizeni maana ndo penyewe. Ukimwita mtu mateka wa vita, una deni naye, vita vikiisha umrudishe. Ukimwita jasusi, huna deni, ni mhalifu wako, unampeleka mahakamani unamfunga unavyotaka. Mwili ni uleule, sare ni ileile, kilichobadilika ni neno kwenye faili. Kesi yake ikageuka ya ujasusi, ikaishia kifungo cha maisha. Na kuna kichekesho kibaya hapo ndani, huyu "adui" wala hakuzaliwa Kaskazini, kazaliwa Yangpyeong, si mbali na Seoul, yani ni mtoto wa nyumbani kabisa wa wale waliomfunga. Mama yake alikuwa palepale Kusini miaka yote hiyo.

Ehe, mzee wangu, naona umenyoosha mkono. Uliza tu.

Mzee anauliza hivi, kwa wale ambao hawajasikia: je kama kweli alikuwa jasusi? Swali zuri na silikimbii. Kwanza wapo waliotumwa kweli, tena baada ya vita kuisha, Kaskazini ilituma watu Kusini miaka ya 50 na 60, na wengine wao nao walikaa ndani miaka 40. Serikali ya Kusini haikuwa inaota ndoto tu. Lakini mzee wangu, hata jasusi ana kifungo chake kinaisha. Hawa ungeweza kuwatoa siku yoyote, na serikali yenyewe iliwaambia hivyo: saini hii karatasi, maisha yako yanabadilika.

Karatasi. Hiyo ndo habari nzima ya leo. Kwa Kikorea wanaiita ya kugeuka, kubadili mawazo. Unaandika kwamba umeuacha ukomunisti, unaikana Kaskazini, unakubali serikali ya Kusini ndiyo halali. Ukisaini unatolewa chumba cha peke yako, unapewa kazi karakana ya gereza, kifungo chako kinaweza kupunguzwa. Usiposaini unabaki. Na karatasi hiyo hawakuitunga wao, waliirithi. Wajapani walipokuwa wanaitawala Korea, miaka ya 1930 walikuwa wanawafanyia hivyohivyo wapinzani wao. Mjapani kaondoka 1945, fomu imebaki kabatini. (Watu wanacheka.) Mnacheka kwa sababu mnajua, eeh? Na jirani zetu wa Kenya mnaelewa zaidi, maana miaka hiyohiyo ya 50 Mwingereza alikuwa na kambi zake za Mau Mau, na kule neno lilikuwa kukiri, ukiri kiapo, usipokiri hutoki, na kwenye kambi ya Hola Machi 1959 watu 11 walipigwa mpaka wakafa. Mashariki ya mbali na huku kwetu, mkoloni tofauti, wazo moja.

Niwape picha ya ndani. Chumba cha mtu mmoja, ukilala umekimaliza. Hakuna moto, na baridi ya Korea si ya Makete, Januari inashuka chini ya sifuri siku nyingi, maji ya kunawa yanaganda. Chakula kinapita kwenye tundu. Kuongea na jirani ni kosa, kwa hiyo wanagonga ukuta. Herufi za Kikorea wakazigeuza mapigo, moja, mbili, kimya, tatu, mtu anatunga sentensi kwa kidole cha kukunja, herufi kwa herufi, na yule wa upande wa pili kaegemeza sikio anahesabu. Habari za nje, nani kaumwa, nani kafa, nani kasaini. Fikiria unapokea habari kwamba rafiki yako wa miaka 20 ambaye hata sura umeisahau kasaini, na umeipata kupitia ukuta.

Na walisaini wengi, tuseme ukweli. Hasa kuanzia 1973. Rais alikuwa Park Chung-hee, mwaka 1972 Kusini na Kaskazini walikuwa wametoa tamko la pamoja la kutafuta muungano, na huku vifungo vya miaka 20 vya baadhi ya hawa watu vinakaribia kuisha. Serikali ikaona hawa watatoka mtaani wakiwa na mawazo yaleyale waliyoingia nayo! Ikaundwa timu maalumu magerezani kwa kazi hiyo tu, Daejeon, Daegu, Gwangju, Jeonju. Na njia yao ilikuwa chafu, waliwachukua wafungwa wa kawaida wenye kesi za fujo na ukatili, wakawapa ruhusa wawapige wale wa kisiasa mpaka wasaini. Wengine walikufa, na tume ya serikali yenyewe ya Kusini ilikuja kuchunguza baadaye ikasema ndiyo, waliuawa kwa mateso. Afu 1975 ikatungwa sheria kwamba hata ukimaliza kifungo chako kama hujageuka unaweza kuwekwa kizuizini tena, miaka miwili, ikiisha wanaongeza miwili. Sheria hiyo ikadumu mpaka 1989.

Kim hakusaini. Marais saba wamepita, hakusaini.

Naomba hapa msinielewe vibaya, siji kumfanya mtakatifu. Nchi aliyokuwa anaing'ang'ania nayo ina makambi yake, na ina hadithi ileile upande wa pili wa kioo. Kuna Luteni Cho Chang-ho, mwanafunzi wa chuo Seoul, akaingia jeshi la Kusini, akakamatwa 1951. Mwaka uleule! Yeye Kaskazini wakamshika, hawakumrudisha 1953. Akafungwa miaka zaidi ya kumi, afu akapelekwa migodini mpaka vumbi likamla mapafu. Kaskazini ikawa inasema hatuna mateka yeyote, waliobaki wamebaki kwa hiari yao. Oktoba 1994, miaka 43 baadaye, Cho akavuka mto Yalu kuingia Uchina, akafika kwao kwa boti. Waziri wa ulinzi akaenda kumwona hospitali Seoul, na yule mzee kitandani, kadhoofu, akainua mkono akapiga saluti akaripoti kwamba Luteni Cho amerudi kazini. Kwao jina lake lilikuwa limeshaandikwa kwenye makaburi ya heshima kama marehemu. Baada yake walitoroka wengine, jumla kama 80.

Yani Cho karudi Oktoba 1994, Kim katoka Agosti 1995, miezi kumi tu katikati. Mmoja kafichwa na nchi iliyosema hayupo, mwingine kafungwa na nchi iliyosema si mateka. Kwa hiyo mtu akikuambia habari hii ni ya ukomunisti na ubepari, mwambie ni ya faili.

Kim alipotoka alipelekwa akaonana na mama yake. Mama kapita miaka 90. Naomba hapo tupapite, mi mwenyewe huwa napapita. Haikupita muda mrefu mama akafariki.

Juni 2000 viongozi wa pande mbili wakakutana Pyongyang, wakakubaliana, na tarehe 2 Septemba wafungwa wa zamani 63 wakavushwa Panmunjom kwenda Kaskazini. Kim akiwemo. Wakapokelewa na mashada ya maua kama timu iliyochukua kombe, na Kaskazini iliwatumia kwa propaganda vizuri sana, tusidanganyane.

Lakini ni nani walikuwa kwenye orodha ya wale 63? Waliokataa kusaini. Wale waliopigwa mwaka 1973 na 1974 mpaka mkono ukasaini wenyewe, wakaambiwa nyie mligeuka, karatasi hii hapa, mnabaki. Watu wazima wa miaka 70, 80, wakaanza kuandika karatasi mpya za kuikana ile ya zamani! Dada hapo anatikisa kichwa. Ndiyo dada, hivyohivyo. Saini uliyotolewa kwa kipigo ilikuwa inafanya kazi miaka 27 baadaye, na safari hii inakuzuia kuondoka.

Na yupo mwingine, naye nimalizie, maana naona mwenyekiti anaangalia saa. Ahn Hak-sop, mzaliwa wa kisiwa cha Ganghwa, Kusini vilevile, askari wa Kaskazini vilevile, kakamatwa 1953, kaachiwa 1995 pamoja na Kim, naye hakusaini. Mwaka 2000 nafasi ya kwenda alikuwa nayo, akakataa, akasema atabaki mpaka wanajeshi wa Marekani waondoke Kusini. Hawajaondoka. Agosti 2025 akiwa na miaka 95, mapafu yamejaa maji, akasema sasa nataka kwenda, nikazikwe na wenzangu Kaskazini. Akaenda mpaka Daraja la Muungano, Paju, jina la daraja ndo hilo, silitungi mimi. Akashuka kwenye gari, kashika bendera ya Kaskazini, watu wamemshika mikono huku na huku, akaanza kutembea kwa miguu kuelekea mpakani. Askari wa Kusini wakamsimamisha, vijana wadogo tu. Wakamrudisha, akapandishwa gari la wagonjwa.

Haya, maswali. Mzee wa daftari, anza wewe.