Ruta ya Mkono: Unaisukuma Upande Upi?

ZUHURA: Baraka, miwani na barakoa tutafika. Anza na ile siku ruta, ile mashine ya kuchonga kingo za mbao, ilipokukimbia.

BARAKA: Nilikuwa naviringisha ukingo wa ubao wa meza. Nilipita mara ya kwanza vizuri, nikaongeza kina kidogo, halafu badala ya kurudi nilikoanzia nikaipeleka kulia kwenda kushoto. Biti, kile kisu kinachozunguka, ikaung'ata ubao, ruta ikajivuta yenyewe kama gurudumu. Ilienda karibu urefu wa mkono kabla sijaituliza. Vidole vilipona, lakini nilitetemeka mpaka jioni.

ZUHURA: Na hilo ndilo wengi hatukufundishwa. Tulionyeshwa swichi, basi.

BARAKA: Ukiitazama kutoka juu, biti inazunguka kama mshale wa saa. Sasa simama, ubao uko mbele yako, ruta iko kwenye ukingo ulio karibu nawe. Meno yanayogusa mbao yanakimbilia kulia, kwa hiyo mbao inaisukuma ruta kushoto. Wewe sukuma kulia. Hapo unashindana nayo, na mkono wako ndio unaoamua mwendo. Ukiipeleka kushoto hakuna cha kuizuia, na ruta nyingi zinafika mizunguko zaidi ya 20,000 kwa dakika.

ZUHURA: Kwa hiyo nikizunguka ubao mzima kwa nje?

BARAKA: Kinyume cha mshale wa saa. Ukiwa ndani ya fremu mambo yanageuka, unaufuata mshale. Mimi huchora mwelekeo kwa penseli juu ya ubao kabla sijawasha. Mpaka leo, kila mara.

ZUHURA: Naongeza hapo: anza na vichwa vya ubao, pale nyuzi zilipokatwa. Pembe ikimeguka kidogo, ukija kupita upande mrefu ule mmeguko unaondoka.

BARAKA: Kabisa. Kitu kingine kinachonitia hofu ni mkia wa biti, lile shina linaloingia kwenye ruta. Kuna mkia wa milimita 6, na kuna wa robo inchi, yaani milimita 6.35. Kwa macho ni ndugu mapacha. Ukitia ule wa 6 kwenye koleti (kishikio cha biti) ya robo inchi, unaweza kukaza spana mpaka uchoke, haushikwi sawasawa. Biti itateleza katikati ya kazi, izame kwenye mbao au ichomoke kabisa.

ZUHURA: Na hata ukiwa saizi yake, usiuache mkia ukigusa chini ndani ya koleti. Utumbukize, kisha uvute juu milimita 2 au 3, ndipo ukaze. Ila kabla ya yote hayo, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi, maana kiwiko kinaweza kuigusa vidole vikiwa kwenye biti.

BARAKA: Kuhusu kina, usitake kumaliza kwa mkupuo mmoja. Milimita 3 hivi, kisha unarudia. Biti pana nayo inataka kasi ndogo. Yenye kipenyo cha milimita 50 naishusha mpaka 12,000 hivi. Sikiliza injini: ikiguna na kuzama, umeng'ata sana. Ukisikia harufu ya kuungua, ama unakwenda polepole mno, ama biti imekuwa butu.

ZUHURA: Glovu?

BARAKA: Hapana. Uzi mmoja ukinaswa, mkono unafuata. Mikono mirefu ya shati, mkufu, nywele ndefu, vyote vifungwe au vivuliwe. Masikio yazibwe, miwani ivaliwe.

ZUHURA: Na barakoa, tafadhali, nawaomba mafundi wenzangu. Vumbi la mbao linaonekana kitu cha kawaida kwa sababu tumelizoea, lakini tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Kitambaa cha kufunga mdomo hakitoshi.

BARAKA: Ubao ubanwe kwa jiriwa. Washa biti ikiwa haijagusa kitu, ingia ikishapata kasi yake. Ukizima, ishikilie mpaka isimame kabisa ndipo uiweke chini.

ZUHURA: Na kipande kidogo, cha ukubwa wa kiganja? Hakibaniki.

BARAKA: Sikigusi kwa ruta ya mkono. Naanza na ubao mkubwa, nauchonga ukingo wote ukiwa umebanwa, halafu ndio naukata vipande.