Wanawake wa Nyumba ya Kifalme ya Japani

Mabibi na mabwana, ndugu zangu, asanteni kwa kuja.

Ukoo wa kifalme wa Japani huelezwa kwa kuhesabu watawala, karibu wote wanaume. Mfalme wa sasa, Naruhito, anatajwa kuwa wa 126. Leo sitaifuata hesabu hiyo. Nataka tuwatazame wanawake, wanaoingia humo kwa ndoa na wanaotoka kwa ndoa, maana naamini ndio walioufikisha ukoo huu hapa ulipo, na sheria bado haijawapa haki yao.

Nianze na Michiko. Alizaliwa mwaka 1934, binti wa Hidesaburo Shoda, mkuu wa kampuni ya kusaga unga ya Nisshin. Nyumba yao ilikuwa na uwezo, lakini damu ya kifalme hawakuwa nayo, wala ya makabaila. Alisoma fasihi ya Kiingereza katika chuo cha Kikatoliki jijini Tokyo. Agosti 1957, huko Karuizawa, mji wa milimani ambako watu wa Tokyo hukimbilia joto likizidi, alicheza tenisi dhidi ya mrithi wa kiti, Akihito. Michiko na mwenzake wakashinda.

Walioana tarehe 10 Aprili 1959. Kabla ya hapo hajawahi mrithi wa kiti kuoa raia wa kawaida, na mama mkwe, Malkia Nagako, hakupendezwa. Nje ya kasri watu walifurahi mno. Familia nyingi zilinunua televisheni ili kuitazama harusi hiyo.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. Akihito mwenyewe alitenganishwa na wazazi wake akiwa na umri wa miaka mitatu tu, akalelewa na watumishi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa desturi. Michiko aliikataa desturi hiyo. Aliwalea wanawe mwenyewe, akawa na jiko lake ndani ya kasri, akawapikia chakula cha kubeba shuleni. Mwaka 1960 alipolazimika kusafiri kwenda Marekani, mtoto Naruhito akiwa bado mchanga, aliwaachia walezi maelekezo ya maandishi, na mojawapo lilikuwa wamkumbatie mtoto kwa nguvu angalau mara moja kwa siku. Mama anayeandika agizo kama hilo ameshaona nyumba aliyoingia inakosa nini. Kwangu mimi, karatasi ile ni mageuzi makubwa kuliko mengi yaliyotangazwa rasmi.

Aliyalipia. Mwaka 1963 mimba yake iliharibika, akadhoofika hata akaenda kujitenga Hayama, pwani, apate nafuu. Miaka 30 baadaye, tayari akiwa malkia, magazeti ya kila wiki yalimwandama kwa shutuma. Siku ya kuzaliwa kwake, Oktoba 1993, alianguka, na kwa miezi kadhaa hakuweza kusema.

Mwaka huohuo, mwezi Juni, ndipo alipoingia mkaza mwana wake, Masako Owada. Huyu ni binti wa mwanadiplomasia, amesoma uchumi Harvard, na alikuwa mtumishi wa Wizara ya Mambo ya Nje mwenye kazi inayopanda. Alidhani ataitumikia nchi yake kwa njia nyingine. Badala yake alisubiriwa azae mtoto wa kiume. Desemba 2001 akamzaa Aiko, msichana. Mwaka 2004 Naruhito aliwaambia waandishi wa habari waziwazi kwamba yamekuwepo mambo ya kuikana kazi aliyoifanya mkewe na utu wake. Mrithi wa kiti kusema hivyo hadharani! Miezi michache baadaye ikatangazwa kwamba Masako ni mgonjwa, akili na mwili vimeshindwa kuyazoea mazingira.

Sheria ya mwaka 1947 inasema kiti kinarithiwa na mwanamume aliyezaliwa katika mstari wa wanaume peke yake. Tena binti akiolewa na raia, anatoka. Sayako, dada yake Naruhito, alitoka mwaka 2005. Mako, binti wa Fumihito, mdogo wake Naruhito, alitoka mwaka 2021 baada ya uchumba wake kusakamwa na vyombo vya habari, akakataa fedha za kuagwa, akahamia New York.

Wengine husema mila haiguswi. Mila ipi? Japani imewahi kutawaliwa na wanawake wanane, na wa mwisho, Go-Sakuramachi, aliachia kiti karne ya 18. Mwaka 2005 jopo la serikali lilipendekeza wanawake waruhusiwe kurithi. Mwaka uliofuata akazaliwa Hisahito, mwana wa Fumihito, mwanamume wa kwanza baada ya miaka 41, na mjadala ukawekwa kando. Mzigo wote ukamwangukia mtoto mmoja, na hilo nalo si haki kwake.

Aiko alihitimu Chuo Kikuu cha Gakushuin mwaka 2024 na anafanya kazi Msalaba Mwekundu. Wabunge wamekuwa wakijadili kama mabinti wabaki katika ukoo baada ya kuolewa, na ubishi mkubwa umekuwa juu ya waume na watoto wao: wahesabiwe au wasihesabiwe? Mimi nasema wahesabiwe. Kumbakiza binti kwa ajili ya kazi za sherehe, huku mumewe na wanawe wakibaki nje, ni kuligawa jiko lake mara mbili, na Michiko ameshatuonyesha gharama ya nyumba inayomtenga mzazi na mtoto.

Nakaribisha maswali.