Kutoka Miritini Hadi Jukwaa la Nairobi: Wikendi ya Marafiki Watano

DADA: Wapenzi wasikilizaji, hamjambo, na karibuni tena kipindini. Leo hatuna mgeni, kwa sababu mimi na Maalim ndio tuliotoka safari. Tulikwenda watu watano, marafiki wa miaka mingi, kutoka hapa Mombasa hadi Nairobi, kwa jambo moja tu: kuketi ndani ya Kenya National Theatre na kutazama mchezo wa kuigiza ukichezwa mbele ya macho yetu. Maalim, shikamoo.

MAALIM: Marahaba, dada yangu. Nitaanza na swali aliloniuliza mwenzetu mmoja pale stesheni ya Miritini, kabla garimoshi halijaondoka. Alitaka kujua kwa nini mtu mzima afunge safari ya kilomita mia nne na ushei kwa ajili ya onyesho la saa mbili, ilhali simu yake imejaa filamu asizozimaliza. Nilimwambia kwamba filamu imekwisha kutendeka, na aliyeigiza ndani yake huenda saa hii amelala kwake. Mchezo wa jukwaani haujatendeka bado. Unangoja watu waingie, wakae, wanyamaze.

DADA: Na kwa kuwa haungoji mtu aliyechelewa, tulijipanga mapema. Mmoja wetu alibeba jukumu la fedha, sisi wengine tukamtumia kwa M-Pesa, naye akakata tiketi za garimoshi na za ukumbi kwa pamoja, jambo ambalo ningemshauri kila anayesafiri na kundi alifanye, kwa sababu watu watano wakikata tiketi kila mmoja kivyake, hukaa safu tano tofauti. Tuliondoka Ijumaa saa mbili asubuhi, tukawaona ndovu wa Tsavo wakiwa wekundu kwa vumbi la udongo wao, na alasiri tukashuka Syokimau, tukapanda garimoshi jingine la kutufikisha mjini. Maalim, wewe ndiwe uliyetuamsha Jumamosi mapema ilhali onyesho lilikuwa la alasiri.

MAALIM: Niliwaamsha kwa sababu sikutaka tuingie ukumbini kama watu walioshushwa na teksi mlangoni. Tulianza kwenye sanamu ya Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, ile iliyosimamishwa mwaka 2007 katika barabara yenye jina lake, tukapanda kwa miguu, tukapita bustani ya Jeevanjee, tukavuka kwenda upande wa Chuo Kikuu mpaka barabara ya Harry Thuku. Ni mwendo mfupi, lakini umebeba mambo mazito. Harry Thuku, mpinzani wa utawala wa kikoloni, alipokamatwa mwaka 1922, umati ulikusanyika karibu na hapo kudai aachiliwe, nao wakapigwa risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwa Muthoni Nyanjiru, mwanamke aliyewatia wanaume haya hata wakasonga mbele. Hoteli ya Norfolk ilikuwapo tangu wakati huo. Ukumbi wa maigizo ulikuja kujengwa ng'ambo ya barabara, ukafunguliwa mwaka 1952, mwaka uleule serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari.

DADA: Mimi nilikuwa nimepita mbele ya jengo lile mara nyingi bila kuyajua hayo. Ninachokumbuka zaidi ni ulivyosimama ukingoni mwa barabara, ukatuonyesha kwa mkono kutoka mlango wa ukumbi hadi upande wa hoteli, ukasema, "Walitokea hapa." Waeleze wasikilizaji ni akina nani hao.

MAALIM: Ni watazamaji wa mwaka 1976. Kenya ilikuwa imechagua tamthilia mbili za kuiwakilisha kwenye tamasha kubwa la sanaa za Kiafrika lililofanyika Lagos mwaka uliofuata. Moja iliandikwa na Francis Imbuga. Ya pili ni ile ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Mũgo juu ya kesi ya Kimathi, ambayo wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la Mzalendo Kimathi. Sasa fikiria: tamthilia zinaiwakilisha nchi, zinataka kuchezwa katika ukumbi wa taifa, na ukumbi unasema umekwisha kukodishwa kwa maonyesho ya Kizungu. Baada ya mvutano mrefu kila moja ikapewa siku nne. Nafasi ilikuwa finyu, lakini watu walijaa, na mchezo wa Kimathi ulipokwisha, waigizaji walishuka jukwaani wakiimba, wakapita katikati ya watazamaji, nao watazamaji wakainuka wakawafuata, wakicheza, hadi nje barabarani, wakiielekea Norfolk. Barabara ni ileile ya mwaka 1922. Nimesimulia kisa hiki darasani miaka nenda miaka rudi, lakini sikuwahi kupima kwa hatua zangu umbali uliopo kati ya mlango ule na hoteli ile. Ni hatua chache mno.

DADA: Na lango lilifungwa tena baadaye.

MAALIM: Lilifungwa, naam. Ngũgĩ alikwenda Kamirithu, Limuru, akaandika na Ngũgĩ wa Mĩriĩ tamthilia ya Kikuyu, Ngaahika Ndeenda, yaani Nitaolewa Nikipenda, ikachezwa na wakulima na vibarua katika jukwaa la wazi walilolijenga wenyewe. Ilianza Oktoba 1977, ikapigwa marufuku mwezi uliofuata, na mwaka ulipokuwa ukimalizika Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Mwaka 1982 watu wa Kamirithu walitaka kuleta mchezo mwingine katika ukumbi huu wa Nairobi, wakakuta mlango umetiwa kufuli, na baadaye jukwaa lao la kijijini likabomolewa. Ngaahika Ndeenda yenyewe ilichezwa katika ukumbi wa kitaifa mwezi Mei 2022. Ngũgĩ alifariki miaka mitatu baadaye, akiwa Marekani. Ndiyo maana niliwaamsha. Sikupenda tukalie viti vile kana kwamba vilikuwa vyetu siku zote.

DADA: Basi tuingie ndani. Kabla ya sifa nina lalamiko moja, nalo nalisema kwa kuwa naitakia sanaa hii mema. Tuliambiwa onyesho ni saa tisa. Pazia lilifunguliwa karibu na saa kumi, na hakuna aliyetoka kutueleza neno. Kundi lililoandaa silitaji. Lakini mtu aliyelipa nauli, akalipa malazi, akafika nusu saa kabla, anastahili angalau mtu mmoja asimame mbele amwambie, "Tuwieni radhi." Ukumbi ulikarabatiwa mwaka 2015, taa ni nzuri, sauti inafika hadi viti vya nyuma, kilichobaki ni saa.

MAALIM: Nakuunga mkono, na niongeze kwamba ucheleweshaji ule huwaumiza waigizaji kwanza, maana hadhira iliyochoka huingia mchezoni ikiwa imekunja uso. Wale walichukua kama dakika kumi kutukunjua.

DADA: Walitukunjua vizuri, lakini. Mchezo ulikuwa wa Kiswahili, juu ya ndugu wanaogawana vitu vya mama yao siku chache baada ya matanga. Katika sehemu ya pili ya mchezo wifi mtu na binti mdogo wa marehemu wanagombea sanduku la leso. Binti anazitoa moja moja, anasoma jina la kila leso kwa sauti, na kila jina linamkumbusha siku ambayo mama aliivaa. Tulikuwa safu ya tatu. Niliona mikunjo ya leso zilizokaa sandukuni, ile mistari minne iliyonyooka ambayo haitoki hata ukiitikisa. Kisha leso aliyojifunga mwigizaji mwenyewe kiunoni ikaanza kumteleza.

MAALIM: Na haikuwa imepangwa.

DADA: Haikuwa imepangwa, tuliliona hilo usoni mwake kwa kitambo kidogo tu. Mikono yake ilikuwa imejaa leso za marehemu, hakuweza kujishika. Yule wifi, ambaye sekunde moja kabla alikuwa akimfokea, akanyamaza, akamsogelea, akapiga magoti, akamfunga leso upya, polepole, akakaza pindo, halafu akainuka na kuuendeleza ugomvi kwa sauti iliyokuwa imeshuka. Ukumbi mzima ukawa kimya. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Aa, mwanangu," kana kwamba yuko kwao.

MAALIM: Baada ya hapo ugomvi ule haukuweza kuchezwa tena kama ulivyoandikwa. Alikwisha kumfunga leso. Angemfokeaje tena kwa ukali uleule? Wakaucheza uliosalia kama watu wanaogombana huku wanajua kwamba wanapendana, na mimi naamini ulikuwa bora kuliko ulivyokusudiwa. Mwenzetu wa Miritini alinishika bega, hakusema kitu.

DADA: Alisema kwenye garimoshi.

MAALIM: Alisema sana. Jumapili tuliporudi, tuliketi wanne tukitazamana na mmoja upande wa pili wa njia, na tangu Athi River hadi Mtito Andei tulibishana kama wifi yule alikuwa mwovu. Mimi nilishikilia kwamba alikuwa na haki, maana ndiye aliyemuuguza mama miaka yote, wala hakuna aliyemshukuru. Wewe ukakataa.

DADA: Bado nakataa. Kuuguza si bei ya sanduku.

MAALIM: Na yule mwenzetu, ambaye Ijumaa aliuliza kwa nini tusitazame filamu, akatukatiza sote wawili akatuuliza kama wale waigizaji wangefanya nini kwenye onyesho la saa kumi na mbili u nusu, jioni ileile: je, wangeiacha leso iteleze kwa makusudi, au wangeifunga vizuri na kurudi kwenye maneno yaliyoandikwa? Hatukuwa na jibu. Tulikuwa tumekwisha kupita Voi naye bado anauliza kama tiketi za jioni zile zilikuwa zimekwisha kweli, au ni sisi tuliokuwa na haraka ya kwenda kula.